Mchanga Haugongi kwa Zamu

Ifakara

Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1908

Mvua tangu alfajiri. Padri alituambia shuleni kwamba mwandiko usiotumika huota kutu, na mimi siwezi kuvumilia kutu popote, seuze mkononi mwangu. Ndiyo maana naanza kuandika. Naitwa Kelestini, Mpogoro wa upande wa Mahenge, fundi wa kinu cha mvuke cha Bwana Riedel. Wenyeji hukiita Kinu cha Moshi. Kazi yake ni kukoboa mpunga, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kinaifanya.

Moto unachemsha maji, mvuke unasukuma mtambo, mtambo unazungusha gurudumu dogo la meno, na dogo linazungusha gurudumu kubwa ambalo ndilo linaloendesha kinu. Dogo likizunguka mara tatu, kubwa limezunguka mara moja. Meno ya hili huingia kwenye mapengo ya lile, kama vidole vya mtu anayesali. Vyuma hivi vilitoka Ulaya kwa meli, vikaletwa hapa kutoka Morogoro mabegani mwa watu, nami ninavipenda kuliko inavyomfaa Mkristo kupenda chuma.

Mchochea moto wangu ni Hilari, Mndamba, mfupi, mkimya mpaka anaudhi. Nikimwamkia, anajibu kwa kidevu. Nimemwomba Bwana anipe mwingine.

25 Aprili

Mvua. Mto Lumemo umefurika. Hakuna kazi, na Hilari hakusema neno kutwa nzima.

Jumatatu, 4 Mei

Mpunga wa kwanza umeletwa kutoka Katindiuka, bado unanuka tope. Tumewasha moto na kinu kimeamka vizuri. Domitila, mjane anayewasimamia wanawake wa kupepeta, alikuja kusimama mlangoni na ungo wake.

"Mtani, hicho chuma chako mwaka huu kitakula mpunga au kitakula watu?"

"Kitaanza na Wandamba," nikamjibu. "Nyama yenu laini, mnashinda na samaki."

"Ndiyo maana ninyi Wapogoro mmekauka. Hata mamba anawatema."

Wanawake wakacheka. Jibu zuri lilinijia jioni, wakati hapakuwa tena na mtu wa kulisikia.

Maji ya mtambo yalipopungua, Hilari aligonga pipa, na watu wakakimbilia ndoo. Ndiyo desturi yetu hapa. Bwana amekataza neno maji lisipigiwe kelele kiwandani, kwa sababu miaka mitatu iliyopita watu wa bonde hili walipewa dawa ya maji na mbegu, wakaambiwa kwamba risasi hazitawaingia, wakaenda mbele ya bunduki wakiliita neno hilo. Wengi hawakurudi. Mume wa Domitila ni mmoja wao; kaka wa Hilari alirudi, akanyongwa vita vilipokwisha.

Alhamisi, 7 Mei

Nimesikia kitu. Katikati ya mngurumo wa kawaida kuna mlio mdogo: tok. Kisha mngurumo. Kisha tok. Bwana Riedel hakusikia. Hilari alisikia, kwa maana aligeuza kichwa, lakini mwenyewe ndiye huyo, mdomo umeshonwa.

8 Mei

Tok.

Jumatatu, 11 Mei

Nimeamua kwamba ni gurudumu dogo. Linazunguka zaidi, basi ndilo linalochoka zaidi. Nimezima kinu, nikalifungua, nikayapiga tupa meno yake mpaka yakang'aa. Bwana alisimama nyuma yangu muda wote akitazama magunia yasiyokobolewa. Yeye ni mfanyabiashara wa mchele, hakusomea mitambo, na uso wake hubadilika kila magunia yakiongezeka.

"Kesho kitanyamaza, Bwana," nilimwambia kwa majivuno.

Jumanne, 12 Mei

Hakikunyamaza. Tok, pale pale. Nimejiona mjinga mbele ya kiwanda kizima. Domitila aliniuliza kama nimetia gurudumu chumvi badala ya mafuta, nami nikamfokea. Jioni nilijuta, lakini sikwenda kumwomba radhi. Kiburi changu nakijua, hata nikimwungamia Padri hurudi nyumbani kabla yangu.

Jumamosi, 16 Mei

Leo mambo yameharibika.

Kinu kina mlinzi wa serikali, ombasha Almasi, askari mrefu aliyetokea mbali na bonde hili, mwenye kovu la mshale shingoni. Asubuhi aliinua kopo la mafuta ya magurudumu, akalimimina juu ya gunia. Chini ya mafuta mlikuwa na mchanga. Si mwingi, lakini ulionekana.

"Nani anashika kopo hili?" akauliza.

Kila mtu anajua nani analishika. Hilari alisimama kando ya tanuri na koleo mkononi, hakujitetea. Bwana Riedel akamwuliza mara tatu, "Ulitia mchanga? Unataka kuvunja mashine yangu?" Hilari akatikisa kichwa tu. Ombasha akasema, "Kaka yake alinyongwa Mahenge. Damu ni moja." Wakamfunga kamba mikono wakampeleka bomani.

Mpaka saa sita kiwanda kizima kilijua: Bwana Lutenanti atakuja kutoka Mahenge mavuno yakipamba moto, kusikiliza kesi. Kuharibu kinu kinachokoboa mchele wa askari ni sawa na kuinua silaha. Adhabu yake ni kamba.

Nimekaa hapa natafuta furaha. Si nilitaka mchochea moto mwingine? Haipo. Kopo lile halina kifuniko, nami ndiye niliyekwisha kusema mara nyingi kwamba linahitaji kifuniko, maana limewekwa njiani, wanawake hupepeta karibu, na upepo wa mavuno hauchagui pa kutupa vumbi. Nilimwambia Bwana hivyo leo. Akanijibu, "Basi mlio unatoka wapi?"

Mlio unatoka wapi, Kelestini? Mtu atanyongwa kwa sababu ya mlio ambao wewe, fundi, hujui unatoka wapi.

Jumatatu, 18 Mei

Kwanza, nimemwaga mafuta yote. Nimeosha magurudumu kwa mafuta ya taa, jino baada ya jino, nikayakausha, nikatia mafuta mapya yaliyotoka kwenye pipa lililofungwa. Kama ni mchanga, umekwenda na maji ya Lumemo. Tumewasha. Tok.

Nilipomwambia Bwana kwamba mlio umebaki, alisema labda mchanga umekwisha kuumiza meno. Ni neno la haki, na limenitesa siku nzima.

Jumanne, 19 Mei

Jioni nilipita uani kwa Domitila kumwomba radhi. Nimelikuta kundi la wanawake watatu kwenye kinu kimoja cha mti, wanatwanga kwa zamu, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka. Domitila alikuwa kajiinamia mbali kidogo anachambua dagaa, amewapa mgongo. Ghafla akasema bila kugeuka, "Kandida, unachelewa."

Kandida akacheka, akarekebisha mkono.

"Umejuaje kwamba ni Kandida?" nikamwuliza.

"Zamu ikirudi kwake ndipo panapoharibika. Mtani, wewe ulilelewa wapi, hukuwahi kusikia watu wakitwanga?"

Nimesikia kutwanga tangu tumboni mwa mama yangu. Lakini sijawahi kusikiliza nikiwa na gurudumu kichwani. Nilisimama pale kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Mchanga hauna zamu! Mchanga ukiingia kati ya meno husaga mfululizo, wakati wote, kama mtu anayenung'unika. Tok yangu inakuja na kwenda, inakuja na kwenda. Tok ina zamu. Na mwenye zamu ana jina.

Nilisahau kuomba radhi. Niliondoka mbio, wakanicheka mpaka njiani.

Jumatano, 20 Mei

Nimetia alama ya chokaa kwenye gurudumu kubwa na nyingine kwenye dogo. Nimeazima mchi wa Domitila, mrefu, wa mti mgumu, nikausimika ncha moja juu ya fremu ya chuma na ncha nyingine nikaitia sikioni. Mtu asiyejaribu hawezi kusadiki. Mngurumo wote wa kiwanda hubaki nje, na ndani ya mti huo unasikia chuma chenyewe.

Nilimwomba Kandida atazame chokaa na kupiga kofi kila alama ya gurudumu kubwa ikifika juu. Nami nikawa nasikiliza. Kofi, tok. Kofi, tok. Haikupotea hata mara moja. Dogo lilizunguka mara tatu bila neno, kisha kubwa likafika pale pale likagonga.

Si dogo. Ni kubwa. Niliyapiga tupa meno ya aliye mzima na kumwacha mgonjwa.

Ijumaa, 22 Mei

Leo nitaandika yote.

Nilijua gurudumu, sikujua jino, na kinu hakiwezi kuzimwa kila saa mpunga unapongoja. Nilitaka kuona pale mtikisiko unapozidi, na niuone kwa macho, kwa sababu sikio langu Bwana hawezi kulitia kwenye kichwa chake. Nikachukua bakuli la maji nikaliweka juu ya fremu, karibu na mhimili wa gurudumu kubwa. Maji yalitetemeka. Nikanyunyiza pumba chache na punje za mpunga juu yake ili nione vizuri. Tok ilipokuja, punje zikaruka. Kwenye mhimili wa gurudumu dogo hazikuruka, zilitetemeka tu. Nikamwita Domitila naye aone. Tukainama wote wawili juu ya bakuli, mimi nikihesabu kwa sauti ya chini kufuata zamu ya gurudumu.

Hatukumwona ombasha Almasi. Teke lake lilirusha bakuli mpaka ukutani. Mtutu wa bunduki ulinigusa hapa, chini ya kidevu.

"Maji na mbegu!" alipiga kelele. "Maji na mbegu, na maneno ya kunong'ona!"

Hapo ndipo nilipoliona nililolifanya. Mimi, mtu wa bonde hili, ninayejua kwa nini tunagonga pipa badala ya kuita, nimekaa mchana kweupe na bakuli la maji na punje ndani yake, pamoja na mjane wa mtu wa vita, nikinong'ona. Kichwa changu kilikuwa kimejaa chuma, hakikubakiza nafasi ya akili.

"Ombasha," Domitila alisema, "huyu ni Mpogoro wa misheni. Hata uganga wa kuku hawezi."

Utani wake huo ulimchelewesha kidogo, na Bwana Riedel akapata nafasi ya kufika. Alikuwa mweupe kama chokaa yangu. Nilieleza nikiwa nimepiga magoti, bunduki shingoni. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikichanganya mchi, zamu, punje. Bwana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lete bakuli lingine."

Hakuna aliyekwenda. Hakuna mtu kiwandani aliyekubali kubeba maji yale. Bwana alikwenda mwenyewe, akayateka mwenyewe, akayaweka juu ya fremu kwa mikono yake, akatupa punje. Akainama. Punje zikaruka. Akatazama chokaa ikipita. Zikaruka tena.

"Kwa zamu," akasema polepole.

"Kwa zamu, Bwana. Mchanga haugongi kwa zamu."

Ombasha alishusha bunduki lakini alibaki mbali na bakuli. Baadaye alinikuta nikiosha damu ya kidevuni. Nilitazamia matusi. Akasema, "Fundi, nilikuwa ndani ya boma la Mahenge watu wa dawa walipokuja. Tuliwapiga, wakaanguka, wakaja wengine juu yao wakiita neno lile. Mimi siogopi mtu. Naogopa bakuli." Kisha akaondoka. Nilikuwa nimemchukia sana asubuhi, na jioni chuki ile nikaitafuta nisiipate yote.

Jumamosi, 23 Mei

Bwana anasadiki kwamba gurudumu lina ugonjwa. Hasadiki kwamba Hilari hakuuleta. "Lutenanti atataka kitu cha kushika mkononi," ameniambia. Nitampa.

28 Mei, Kupaa kwa Bwana

Misa. Mpunga unaingia kutoka kila upande, mpaka Namawala. Tok imekuwa kubwa kidogo.

3 Juni

Leo hata Bwana ameisikia kwa masikio yake.

Jumapili ya Pentekoste, 7 Juni

Nimekwenda bomani na wali na samaki wa moshi vilivyopikwa na Domitila. Ombasha aliniruhusu niingie, akatupa mgongo.

Hilari amekonda. Amefungwa mnyororo wa shingo pamoja na wezi wawili wa mbuzi. Nilikaa chini. Nilimweleza habari za chokaa na mchi. Alikula akisikiliza. Mwisho nilikasirika, nikasema, "Hilari, kwa nini hukujitetea? Ungesema neno moja tu!"

Akaweka tonge chini. "Kaka yangu alikuwa msemaji," akasema. "Vita vilipokwisha aliitwa bomani kuulizwa. Alieleza vizuri sana. Kila alichoeleza walikiandika, na kila walichokiandika wakamsomea siku ya kamba."

Miezi yote hii nimekaa na mtu huyu tanuri moja, nikamwita mtu wa kidevu. Nimeona haya, haya ya kweli, ya moto masikioni.

"Basi nyamaza," nikamwambia. "Nitasema mimi."

"Usiseme sana," akajibu.

Jumatatu, 15 Juni

Bwana amenipa siku ya leo kuzima kinu. Niliyatazama meno ya gurudumu kubwa moja moja, sikuona kitu. Yote mazima, meusi, yamekaa sawa kama askari wa gwaride.

Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kuyagonga. Jino zima huimba: ting. Nililigonga hili, ting, na lile, ting, na si mbali na chokaa nikasikia tap. Kama kugonga chungu chenye ufa. Nikarudia. Tap.

Nikalipaka mafuta ya taa, nikangoja yaingie, nikalifuta mpaka likakauka kabisa. Kisha nikalipaka unga wa mchele mweupe uliosagwa laini, nikakaa chini kulitazama. Kulikuwa kimya kiwandani. Baada ya muda unga uliota mstari, mwembamba kama unywele, ukatoka kwenye shina la jino ukapanda mpaka kati. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka nje kupitia unga.

Nilipiga kelele ya furaha. Bwana alikuja, Domitila alikuja, hata ombasha alikuja. Wote waliuona.

"Sasa wamfungue Hilari," akasema Domitila.

Bwana akatikisa kichwa. "Ufa unaweza kufanywa na nyundo. Nyundo anayo kila mtu."

19 Juni

Tunakoboa polepole, moto mdogo. Mlio mkubwa. Silali vizuri.

Jumatano, 24 Juni

Nimefikiri hivi. Ufa ule unaanzia shinani, ndani, unapanda nje. Nyundo ikipiga, huacha kidonda juu ya ngozi, na jino hili ngozi yake haina hata mkwaruzo. Tena halikufa sauti kwenye ufa tu. Hata kando yake, pale pazima, linatoa sauti ya uvivu. Katika karakana ya misheni tuliwahi kumimina chuma, na wakati mwingine pumzi hunaswa ndani ya chuma kinapoganda, pakabaki tundu. Kwa nje chombo ni kizuri, kwa ndani kina ukumbi.

Nafikiri jino hili lilizaliwa na tundu. Lilitoka Ulaya likiwa na ugonjwa wake. Nafikiri. Sijui.

Jumanne, 30 Juni

Bwana Lutenanti amefika leo mchana akiwa na askari wake, amepitia kivukoni, viatu vyake vina tope. Kijana kuliko nilivyodhani, na amechoka. Hilari aliletwa kiwandani na mnyororo wake. Watu walijaa mpaka nje.

Nilionyesha yote. Mchi, chokaa, unga; bakuli tu sikuthubutu. Aliweka sikio lake kwenye mchi wa Domitila, mzungu yule, na kofia yake ikaanguka, hakuna aliyecheka. Akasikia zamu. Nikazima kinu, nikaonyesha ufa kwa unga wa mchele. Akatazama kwa kioo cha kukuza.

"Ufa upo," akasema. "Nani aliupasua?"

"Hakuna aliyeupasua, Bwana. Nyundo ya nje huacha alama nje. Ugonjwa huu umeanzia ndani. Ndani mna tundu tangu chuma kilipomiminwa."

"Nionyeshe tundu."

"Halionekani bila kulivunja jino."

Bwana Riedel aliruka. "Hapana! Jino likivunjika, kinu kimekufa. Gurudumu lingine litatoka Ulaya, halifiki kabla ya mvua. Na mpunga huu wote?"

Lutenanti alimpa mgongo. Alinitazama mimi. "Ukivunja na ndani hamna kitu," akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "basi ni wewe uliyeharibu kinu cha mchele wa serikali. Mbele ya macho yangu. Umefahamu?"

Nilifahamu. Nilimtazama Hilari. Alitikisa kichwa, usifanye. Domitila alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Niliogopa, nami nasema wazi kwamba niliogopa. Lakini nilikuwa nimelisikiliza jino lile siku nyingi kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote, na nilichoka kukisikia kitu kinachosema kweli bila kusadikiwa.

Nikanyoosha mkono kuomba nyundo kubwa. Nilidhani itabidi niifuate mwenyewe. Ombasha Almasi aliileta, akaiweka mkononi mwangu.

Nilipiga. Gurudumu likalia lote kama kengele, jino likabaki. Nilipiga tena. Bwana Riedel alifunika uso. Mara ya tatu likakatika, likadunda sakafuni, likabiringika mpaka karibu na miguu ya askari.

Sikuweza kuinama. Aliyeokota ni ombasha. Akaligeuza, akalitazama kwa muda, akampelekea Lutenanti.

Pale lilipokatika palikuwa na rangi tatu. Sehemu mpya, ya leo, kijivu cha kung'aa. Sehemu ya ufa wa zamani, nyeusi kwa mafuta. Na katikati ya weusi huo, tundu, kubwa kama punje ya kunde, kuta zake laini, bluu, kuta ambazo hazijawahi kuguswa na nyundo wala na mchanga wala na mkono wa mtu. Lutenanti alitia ncha ya kalamu yake ndani, ikaingia.

Bwana Riedel naye alitazama, akasema jambo kwa lugha yao, taratibu. Lutenanti akaufunga mkono juu ya jino.

"Mfungueni," akasema.

Alhamisi, 2 Julai

Kinu kimezimwa. Mchele wa serikali lazima utoke hivyo hivyo, kwa hiyo wanawake wa Ifakara yote wanatwanga kwa mikono kutoka asubuhi mpaka giza. Nilipita sokoni, mwanamke nisiyemjua akanionyesha viganja vyake vyenye malengelenge. Ni haki yake.

Bwana amenifukuza kazi, kisha jioni ametuma mtu kusema kwamba gurudumu jipya likifika nirudi. Hajaomba radhi. Sikuitazamia.

7 Julai

Domitila: "Mtani, uliposema chuma chako kitaanza na Wandamba, kumbe ulimaanisha mikono yao." Safari hii nilikuwa na jibu, lakini nililimeza, nikachukua ungo nikampepetea mpaka jioni. Anasema napepeta kama mtu anayefukuza nyuki.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya Misa Hilari alinifuata mpaka nyumbani. Shingo yake bado ina alama ya mnyororo. Nikampa kigoda, akakaa, tukanyamaza kama kawaida yetu. Nilidhani amekuja kushukuru na nikawa natafuta namna ya kumzuia.

"Fundi," akasema. "Siku ile ulipoinua nyundo, ulijua kwamba ndani mna tundu?"

Ningeweza kumdanganya. Kila mtu hapa Ifakara anasema nilijua, na sijamsahihisha hata mmoja.

"Nilijua jino lina ufa," nikamwambia. "Nilijua sauti yake imekufa. Tundu nilikisia."

"Ulikisia."

"Ndiyo."

"Na kama lisingekuwepo?"

"Tungekuwa kwenye mnyororo mmoja. Ningekusikiliza ukinyamaza mpaka siku ya kamba."

Hakucheka. Aliitazama mikono yake, ile yenye makovu ya tanuri. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Mimi nilijua kwamba sikutia mchanga. Kwa mtu anayejua, kukaa kimya si kazi. Wewe hukujua, ukapiga. Gurudumu jipya likifika, fundi, na lenyewe linatoka kule kule. Tuligonge jino kwa jino, mimi na wewe, kabla ya mtu yeyote kuwasha moto."